Majibu ya Agnela

4 Machi 1995

Mvua imeanza. Mlima Meru hauonekani tangu juzi. Ndoo mbili chini ya paa la jikoni, sufuria moja chumbani.

6 Machi

Agnela amekaa dirishani siku nzima, akitazama maji yakikimbia barabarani. Tangu kiharusi cha Januari hajatamka neno, si Kiswahili, si Kichaga cha kwao Kilema. Upande wa kulia umelala. Akitaka kunywa ananyanyua kidevu. Akichoka anafumba macho. Tulifundisha vyumba jirani tangu ujana, nilikuwa nikimsikia kupitia ukutani kabla sijamwoa, na sasa tunaelewana kwa kidevu. Hatukujaliwa watoto. Nyumba ya watu wawili, mmoja akinyamaza, inanyamaza yote.

9 Machi

Simaloi ameleta maziwa. Huyu ni mama wa Kiarusha anayeshuka kila asubuhi kutoka Sambasha. Zamani aliishia mlangoni. Siku hizi anaweka galoni chini, anaingia, ananisaidia kumgeuza Agnela na kumwogesha, kwa sababu mgongo wangu haukubali tena. Leo nilianza kumshukuru.

"Mwalimu," akasema, "shika mguu huo, acha hotuba."

12 Machi

Nitaandika polepole nisije nikajidanganya.

Mvua ilikuwa kubwa, na mngurumo wa mto Themi ulifika hadi hapa nyumbani. Nilikuwa nimempa Agnela mgongo, nakoroga uji wake, na bila kufikiri, kama mtu anavyopiga mluzi akiwa kazini, nikatamka swali la mwenye mashua. Kwa Kiingereza, kama lilivyo katika shairi letu la shuleni: Nani aniitaye kutoka ng'ambo, na mchana umekwisha?

Nyuma yangu sauti ikajibu: Ni mimi, leta mashua, maji yanapanda.

Sikugeuka mara moja. Niliogopa kwamba nikigeuka itakuwa ni redio ya jirani. Nikauliza swali la pili, nikiwa bado nimeutazama uji: Umebeba nini mikononi? Akajibu: Nimebeba mkate, aliouoka mama yangu. Neno kwa neno, kina mahali pake, ile "r" ya Kilema mahali pake. Nikageuka. Macho yake yalikuwa kwangu, yananingoja niulize. Tukaenda hadi mwisho wa mistari yake.

Kisha nikasema kwa Kiswahili, "Agnela, unataka uji?" Hakuna. Nikasema kwa Kichaga. Hakuna. Akanyanyua kidevu.

Uji ulikuwa umeungua. Aliunywa wote.

13 Machi

Shairi lenyewe tulilikuta katika kitabu cha kusomea cha shule ya misheni tulipoanza kazi. Halikuwa na jina la mtunzi. Ni la Kiingereza chepesi, maneno mafupi mafupi, beti za mistari minne, wa pili na wa nne ikifungana.

Mwanamke anafika ukingoni jioni, mto umefurika. Anaita mashua. Mwenye mashua, ng'ambo, hamtambui katika giza, naye ni mtu wa hadhari: badala ya kushika kasia anauliza. Wewe nani? Umebeba nini? Nani kakutuma? Kila jibu linamsogeza karibu na ukweli. Mkate umeokwa na mama yake. Aliyemtuma ni mama yake, ambaye yuko kitandani. Na anayeita ni dada yake mwenyewe, aliyemwacha mdogo alipoondoka nyumbani. Baada ya kila jibu unarudi mstari uleule, maji yanapanda. Anapomtambua anaruka mashuani na kupiga kasia kwa nguvu zote. Ukingo anaoufikia hauna mtu. Shairi halisemi zaidi. Halisemi dada alizama, halisemi alirudi nyumbani. Linafunga mlango na kukuacha nje.

Kila muhula ulipofungwa tulilisema ukumbini, mimi mwenye mashua, yeye mwanamke wa ng'ambo. Wanafunzi walilijua lote kwa moyo, na bado walikaa kimya wakisubiri labda safari hii mwenye mashua atauliza swali moja pungufu. Hapo ndipo utamu wa shairi la hadithi ulipo. Hadithi ya kawaida, ukishaujua mwisho wake, imekwisha. Hii ukiujua mwisho ndiyo inaanza, maana kile kina cha mstari wa nne kinakuvuta mahali usipotaka kwenda, nawe unakwenda kwa raha.

Niliwahi kuulizwa kwa nini nisitosheke na tenzi zetu. Nazipenda. Lakini utenzi hukueleza. Hili halielezi, linaruka kutoka swali hadi jibu kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na mguu wako mwenyewe ndio unaotafuta jiwe linalofuata. Mguu wa Agnela bado unayajua mawe.

16 Machi

Nimekwenda kumwona daktari. Ni kijana mpole. Alinisikiliza huku akiandika habari za mtu mwingine.

"Yaliyokaririwa hukaa mahali pengine kichwani, mzee. Nyimbo, sala, mashairi. Yanaweza kutoka hata kama maneno mengine yamefungwa. Lakini hayo si mazungumzo. Usijidanganye."

Namwamini kuhusu kichwa. Kuhusu mazungumzo sijui. Niliporudi nimechelewa, nikauliza swali la kwanza, alinijibu "Ni mimi" kwa ukali ule wa zamani, wa mke aliyengojeshwa.

18 Machi

Simaloi alitaka kujua tunachosema. Nikamsimulia kwa Kiswahili huku akimkausha Agnela miguu.

"Huyo mwanaume mjinga," akasema. "Mtu anaita kwenye maji, wewe unauliza amebeba nini?"

"Alikuwa anaogopa."

"Anaogopa mwanamke na mkate? Kwetu ukiitwa unakwenda. Maswali utayauliza ukishafika." Akafikiri kidogo. "Halafu? Alimpata?"

"Shairi halisemi."

"Halisemi! Basi huyo aliyelitunga naye alichelewa." Akamgeukia Agnela. "Mama, ungemwambia jina lako mapema tu."

Agnela alicheka. Nusu ya uso, lakini alicheka.

22 Machi

Mvua. Tumevuka mto mara nyingi leo.

25 Machi

Amekuja bwana mmoja anayefungua shule ya Kiingereza kule Themi. Siku hizi zinaota kama uyoga, kila nyumba yenye geti ni akademi. Anatafuta walimu wa zamani, "wale wa Kiingereza chenyewe". Nikamwambia ningependa kuanza na mashairi ya hadithi, kama hili la mwenye mashua, maana mtoto akitaka kujua nini kitafuata, lugha humwingia bila kuhisi. Akacheka kwa adabu.

"Mwalimu, wazazi wanataka Kiingereza cha kuongea na mtalii. Mtu wa mashua atamsaidia nani?"

Alipoondoka nilimwambia Agnela kwamba ukumbi wetu wa zamani sasa ni ghala la mitumba. Kidevu hakikunyanyuka, macho hayakufumba.

28 Machi

Leo mchana Mama Elinami, jirani wa nyuma, amesimama mlangoni ameshika kifua. Ni Mlutheri, ila tangu uamsho uingie usharikani kwao anafunga na kuomba kuliko mchungaji wake.

"Bwana asifiwe, Mwalimu! Nimepita hapo dirishani nimemsikia Mama Mwalimu. Ananena kwa lugha!"

"Mama Elinami, hicho ni Kiingereza."

"Kiingereza nakijua. Nimefagia ofisi za Wazungu miaka mingi. Kile si Kiingereza."

"Ni cha zamani kidogo."

"Mwalimu." Akanitazama kwa huruma. "Hata siku ya Pentekoste kuna wasomi waliosema ni divai."

Nimefundisha maisha yangu yote, sijawahi kufungwa mdomo vizuri namna ile.

2 Aprili

Mama Elinami na wenzake wa uamsho wamekuja baada ya ibada, sebule imejaa hadi barazani, miavuli inachuruzika mlangoni. Mwinjilisti wao anaitwa Ephraimu, kijana wa sauti nzito. Nilisimama nikawaeleza: hili ni shairi la mwenye mashua, tulilisoma shuleni, nitauliza naye atajibu. Wakaitikia amina. Nikauliza swali la kwanza.

Na Agnela akainua kichwa. Sijui niandike vipi. Alitazama watu wote wale, akaweka mgongo wima kadiri ulivyokubali, na sauti ikatoka kama ya ukumbini, ya kufika safu ya mwisho. Akasema hata ubeti wa mama kitandani, ambao tulipokuwa wawili tu alikuwa akiuruka kila siku.

"Anasema maji ya hukumu yanapanda!" Ephraimu akapaza sauti. "Iteni mashua! Mashua ni safina!" Naona alilidaka lile neno la maji, maana ndilo linalorudi.

Wanawake wakalia. Simaloi, aliyekuwa pembeni na galoni lake, akaninong'oneza, "Waambie kuna mkate pia."

Sikuwaambia kitu. Walipoulizana warudi lini, nilisema Jumapili.

9 Aprili

Wamekuja wengi zaidi, wengine kutoka Engutoto. Nilijua ninachofanya. Nilikuwa nampa hadhira, na hadhira ilikuwa imenunuliwa kwa uongo wa kukaa kimya. Lakini tangu Jumapili iliyopita anakula vizuri, na juzi mkono ule uliolala ulitikisika alipofika kwenye jibu la mwisho.

16 Aprili, Pasaka

Padre wetu hakuja kumpa komunyo. Nimeambiwa amesikia kuwa nyumba yetu imekuwa ya walokole.

20 Aprili

Philemoni, kaka yake Agnela, amefika kutoka Kilema na mkewe Paskalina. Ni mkatekista kule. Nilimwona tangu getini, amevua kofia, na mkononi ameshika jani la isale.

Kwa sisi wa Kilimanjaro jani lile halina mjadala. Likiletwa na anayeomba, aliyeletewa hana ulimi wa kukataa; hata damu husamehewa kwalo. Nikajua kabla hajakaa kwamba nimeshindwa.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina. Karibu, shemeji."

Hakukaa. Akalinyoosha lile jani kwa mikono miwili. "Naomba unisamehe, Mwalimu."

"Kwa lipi?"

"Kwa ninalokuja kulifanya. Tunamchukua dada yetu."

Nikalipokea. Ningefanya nini?

Ndipo akakaa, akasema yote. Sokoni Moshi mtu alimwambia dada yake amewekwa sebuleni kama redio, watu wanakuja kusikiliza. Nikamweleza ukweli wote kuhusu shairi, daktari, maombi. Nikasema atazame mwenyewe, nikamuuliza Agnela swali la kwanza. Akajibu. Tukaenda swali kwa swali, naye akijibu vizuri sana, nami nikijivuna kama mwalimu mbele ya mkaguzi, hadi nilipomtazama Philemoni na kuona machozi.

Akapiga goti mbele yake. "Agnela," akasema kwa Kichaga. "Ni mimi. Niite jina langu."

Agnela alimtazama kwa upendo, nina hakika ni upendo, akanyanyua kidevu. Philemoni hakujua maana yake. Mimi nilileta maji.

"Mimi nilizaliwa naye nyumba moja," akaniambia. "Hawezi kuniita. Lakini anaongea na mtu wa mashua, mtu ambaye hayupo."

"Ndiyo njia pekee aliyobakiwa nayo. Kule kwenu nani atamuuliza?"

"Na akikufia hapa, utamzika wapi? Kwenye makaburi ya manispaa, kati ya watu asiowajua? Wewe huna kihamba, Mwalimu. Sikutukani. Nasema lililopo."

Ni kweli lipo. Kwetu Rombo mtoto wa kwanza hupewa kihamba, shamba la ukoo, wa mwisho hubaki na nyumba ya baba, wa katikati hupewa njia. Mimi ni wa katikati. Njia hiyo ilinileta Arusha nikiwa kijana, na sijapata tena udongo ambao naweza kusema hapa ndipo mke wangu atalala. Nilichompa Agnela ni vyumba vya kupanga na mashairi. Alisema vinatosha, na alisema hivyo wakati alipokuwa na maneno yote ya kusema vingine.

21 Aprili

Wanaondoka kesho. Nimejaribu kumfundisha Philemoni swali la kwanza tu, lile la kuanzia. Akatikisa kichwa.

"Mimi si mwenye mashua, shemeji. Mimi ni kaka yake."

Paskalina alikubali. Ni mwanamke mwema, mwenye haya. Alirudia baada yangu, akacheka, akarudia, akafunika mdomo kwa kanga. Maneno yalikuwa karibu sawa. Mapigo yake hayakuwa sawa. Yalikuwa mapigo ya mtu anayesoma tangazo. Agnela alimgeukia, akasubiri kwa heshima, kama tunavyomsubiri mgeni amalize kukohoa, kisha akanitazama mimi.

"Nitajaribu kule, shemeji," Paskalina akasema. "Tutazoeana."

22 Aprili

Wamemchukua kwa pikapu ya parokia, godoro nyuma, turubai juu. Simaloi alimfunga blanketi lake mwenyewe jekundu. Mama Elinami aliimba. Mimi nilipaswa kumuuliza swali la mwisho na sikuweza, kwa sababu mwisho wa lile shairi sikutaka kuusema barabarani.

23 Aprili

Mvua.

30 Aprili

Simaloi ameleta maziwa kwa mazoea. Tulikaa jikoni. Akauliza nani anamwogesha kule. Nikasema wako wengi. "Wengi ni wazuri," akasema.

6 Mei

Ukuta wa nyuma umelowa hadi dirishani. Mama Elinami amekuja kuniambia kwamba Mungu hutoa na kutwaa karama. Nilitaka kumkasirikia nikaona kwamba katika mtaa mzima ni yeye peke yake, ukiniacha mimi, anayeikosa sauti ile. Nikamkaribisha chai.

14 Mei

Nimejaribu kulisema peke yangu. Haliwezekani. Mwenye mashua akijijibu mwenyewe, si shairi tena.

27 Mei

Nimekwenda Kilema.

Niandike kwa haki. Nyumba ni kavu, sakafu imesuguliwa. Agnela amenenepa. Nywele zimesukwa, kucha zimekatwa, amekaa kwenye kiti chenye mto karibu na mlango, anaona migomba na ng'ombe kwenye banda lao. Mgongoni hana kidonda hata kimoja; nilimwomba Paskalina anionyeshe, akanionyesha kwa fahari. Mimi singeweza kumtunza hivi. Nyuma ya nyumba, penye makaburi ya wazazi wao, Philemoni amekwisha kufyeka mahali.

Aliponiona alinyanyua mkono wa kushoto, nikaushika. Sikuuachia.

Paskalina akaleta mtori, akakaa nasi, maana mgeni haachwi peke yake.

"Umemwona, shemeji? Ametulia. Yale maneno amepona kabisa."

"Amepona?"

"Mwanzo alitutesa. Asubuhi hadi usiku, yale yale. Anatazama mlangoni pale anasema, ananyamaza kidogo, anasema tena."

"Ulimuuliza lile swali nililokufundisha?"

Akainamisha uso. "Nilisahau, shemeji. Nilijaribu nikasema lingine, akawa anazidi kupaza sauti. Watoto wakaogopa. Tukawa tunamwambia, nyamaza dada, nyamaza, tuko hapa. Tunamwekea kidole mdomoni, kwa upole. Sasa wiki ya tatu hii hajasema. Padre ameleta komunyo."

Nilitazama pale mlangoni alipokuwa akitazama. Palikuwa na kijia kinachoshuka kati ya migomba hadi barabarani. Alikuwa akisema mistari yake na kuniachia nafasi ya maswali yangu, siku baada ya siku, na mimi nilikuwa Arusha nikipanga ndoo.

Nikamsogelea. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, mapigo yote mahali pake: Nani aniitaye kutoka ng'ambo, na mchana umekwisha?

Alinitambua. Alilitambua swali, niliona midomo ikianza kujipanga kwa neno la kwanza. Kisha macho yake yakaenda kwa Paskalina, yakarudi kwangu yakiwa na hofu, hofu kwa ajili yangu, kama ya mwanafunzi mwema anayemwona mwenzake karibu kuadhibiwa. Akautoa mkono wake katika wangu, akauinua polepole, akaweka kidole juu ya midomo yangu.

Nikanyamaza.

"Unaona, shemeji?" akasema Paskalina. "Anaelewa kila kitu."